Eliya Alilishwa Kwanza: Kuurudia Mwili Baada ya Kiwewe

Nchini Rwanda, watu waliopitia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 wana neno lao la kiwewe: ihahamuka. Neno hilo linahusu kukatika pumzi, kana kwamba mapafu yamemtoka mtu. Kila mwaka, kipindi cha kumbukumbu kinapoanza tarehe 7 Aprili, wapo wanaotetemeka, wanaopiga kelele au kuanguka katikati ya watu, ingawa hakuna anayewafukuza. Akili inajua kwamba hii ni kumbukumbu. Mwili haujapata habari hiyo.

Hatari inapotokea, mwili hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, usagaji wa chakula hupungua. Huo si ugonjwa. Ndivyo tulivyoumbwa, ili tuweze kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, mwili hutulia. Lakini baada ya ajali mbaya, ubakaji, kipigo cha nyumbani, au miezi mingi ya msongo, wakati mwingine hautulii. Mtu hukosa usingizi na hushtuka mlango ukigongwa. Mwingine hufa ganzi: hahisi njaa wala uchovu, anajiona kama anautazama mwili wake kutoka nje. Huyu wa pili ndiye tunayemsahau. Seminarini anaweza hata kusifiwa kuwa ni frateri mtulivu!

Sisi watu wa Kanisa tuna haraka ya kumwambia mtu kama huyo asali zaidi na asamehe. Tumtazame basi nabii Eliya (1Fal 19). Yezebeli ametishia kumwua. Amekimbia hadi jangwani, ameketi chini ya mti na kuomba afe. Malaika hamhubirii. Anamgusa, anamwonyesha mkate na maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na chakula kilekile. Ni baada ya hapo tu, na baada ya safari ya siku arobaini kwa miguu, ndipo Mungu anamwuliza anafanya nini pale Horebu. Mwili wake ulihudumiwa kwanza, na huduma hiyo ilitoka kwa Mungu.

Kuurudia mwili huanza na mambo madogo hivyohivyo. Kaa, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, uhisi benchi linavyokubeba. Vuta pumzi taratibu, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mbio za moyo. Anayeimba zaburi za Masifu kwa zamu, upande huu na ule, tayari anafanya hivyo bila kujua. Kutembea, kulima bustani, kupitisha punje za rozari vidoleni, vyote vinasaidia. Dakika chache zinatosha. Ukiona hofu inapanda, acha, fungua macho, taja vitu vitano unavyoviona. Mwili uliojeruhiwa haulazimishwi. Ulishalazimishwa vya kutosha.

Kwa sababu hiyo, anayeongoza sala asimwamuru kila mtu afumbe macho. Kwa aliyevamiwa usiku, giza hilo si utulivu. Aachwe akae karibu na mlango akitaka. Wala tusimwekee mtu mikono kichwani au begani bila kumwuliza, hata kama nia yetu ni kumwombea.

Na mtu anapokuja ofisini kwa padre, au jirani wa jumuiya anapobisha hodi akiwa katika hali hiyo, tumwulize kwanza kama amekula na kama analala. Akisema hajalala vizuri kwa wiki kadhaa, kwamba moyo unamwenda mbio bila sababu, au kwamba anatamani kufa kama Eliya, tusimwache arudi peke yake. Tumsindikize hospitali, tukae naye kwenye foleni.