Kamera ya Bei ya Gari

Zamu za usiku hapa Durban zimenipa akiba, na akiba imeleta tamaa: kamera ya Cambo yenye kihisi cha Phase One. Kihisi hicho, milimita 54 kwa 40, kina eneo mara 2.5 ya kile cha milimita 36 kwa 24. Lenzi hupandishwa bila kuinua uso wa kamera, kwa hiyo minara ya Juma Masjid, mtaa ulioitwa zamani Grey Street, husimama wima pichani. Raha tupu! Ila inataka stendi na subira. Harusi za Wazanzibari wa Chatsworth, wazao wa watumwa waliokombolewa na kuletwa Natal kuanzia 1873, hazisubiri mtu. Nitakodi lenzi ya shifti wikendi moja. Mama kule Tanga anangoja bati, na mvua za masika zi karibu.