SAA YA ATOMIKI NA KUTUA KWA JUA BUKOBA

Vijana wetu wa Bukoba na Muleba hutuuliza: ikiwa simu ya mkononi yaonyesha wakati bila ya kukosea hata sekunde, yatupasaje kulitazama jua tunapotaka kufuturu?

Swali ni jema, na jawabu lataka tuijue kwanza saa yenyewe. Tangu mwaka 1967 sekunde moja imekadiriwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya atomi ya sesiamu. Saa ya sesiamu ya kutegemewa ilianza kazi Uingereza mwaka 1955, nayo ilikuwa mtambo mkubwa. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani walitengeneza kiini cha saa hiyo kilicho sawa na punje ya mchele, kisichopotea zaidi ya sekunde moja katika miaka 300. Mwaka 2011 ikauzwa saa kamili, kiasi cha kibiriti, kwa vyombo vya kuchukulika visivyofikiwa na setilaiti, kama vile vya chini ya bahari. Simu zetu hazina saa hiyo. Hupokea wakati kutoka mitambo ya simu na setilaiti, na hizo ndizo zichukuazo saa za atomiki.

Lakini saa hizo huhesabu tu, jua hazilioni. Wakati wa Afrika Mashariki umepimwa kwa longitudo 45, ipitayo Somalia, na Bukoba ipo karibu na 32. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4. Basi jua letu hukawia dakika kama 53 nyuma ya saa, na kama nusu saa nyuma ya Dar es Salaam. Ndiyo maana saa kumi na mbili jioni, ambayo kwa Mswahili ndio mwisho wa mchana, hutukuta jua lingali juu ya migomba.

Hapo ndipo penye hatari. Nyumba isikiayo redioni adhana ya Magharibi ya Dar es Salaam ikanyoosha mkono kwenye tende, imekula mchana, na saumu ya siku nzima imekwenda bure. Na mwenye kusali Alfajiri kwa adhana hiyo amesali usiku. Programu ya simu nayo, ikiwekewa mji wa Dar es Salaam, itatoa wakati sahihi kabisa wa watu wengine. Baba wa nyumba na alitazame jina la mji humo kabla ya Ramadhani kuandama. Baina ya Bukoba na Muleba tofauti haifiki dakika mbili. Ratiba moja, pamoja na kungoja kidogo, yatutosha sote.