Kula Kifaransa Kajaga: pesa inaishia wapi?

Ukienda kula Kifaransa Kajaga, kwenye barabara ya Bujumbura kwenda Gatumba, kandokando ya Ziwa Tanganyika, soma menyu kuanzia chini. Kila mtu huangalia bei ya samaki, lakini mara nyingi si samaki anayemaliza mfuko. Mukeke, samaki wa huku, anavuliwa ziwani hapo hapo. Divai, sehemu kubwa ya ngano ya mkate na pengine siagi ya kumkaangia hutoka nje, kwa fedha za kigeni ambazo Burundi inazihangaikia.

Linganisha sahani mbili. Moja ni mukeke wa siagi na limau, chipsi, baget na glasi ya divai. Nyingine ni mukeke wa kuchoma, ndizi, mboga ya lengalenga na bia ya Primus. Samaki ni yule yule, bili sivyo. Mimi nachukua ya pili, na limau naliomba pembeni. Siagi nyingi juu ya mukeke mbichi wa siku ile ni kumfunika bure. Ila uliza msimu: mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazopakana na ziwa, uvuvi ulisimamishwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti.

Unafuu wa Wafaransa uko kwenye desturi zao. Kwao mkahawa hukupa jagi la maji ya bomba bure, kikapu cha mkate hakiongezi bili, na huduma imo ndani ya bei. Mchana wengi huchukua fomula, yaani saladi na sahani kuu, au sahani kuu na kitamutamu, kwa bei moja iliyoandikwa ubaoni mlangoni. Kajaga usiyategemee hayo. Maji ni ya chupa na yanalipiwa. Kuhusu mkate, uliza kabla ya kuumega. Na samaki, mkubaliane bei kabla hajawekwa kwenye mkaa.

Kahawa, Wafaransa huinywa mwisho, baada ya kitamutamu. Ukiletewa ya kopo ya kukoroga, katika nchi ya arabika ya Kayanza na Ngozi, irudishe.

Rahisi kuliko zote ni kula kama Wafaransa wakiwa bustanini: baget ya mjini, parachichi, nyanya, na kipande cha jibini la Masisi, la Kongo, ukilipata. Lakini baadhi ya fukwe za hoteli haziruhusu chakula cha nje, kwa hiyo ulizia getini kabla hujamwachia dereva wa teksi aondoke.