Upweke chuoni: Jukumu dogo ni kinga kubwa kwa mwanachuo

Wiki za kwanza chuoni humwelemea mgeni. Aliyefika Chuo cha Ualimu Nachingwea akitokea Kagera au Mara hana anayemjua bwenini, na jioni huwasikia wenzake wakitaniana kwa Kimwera, lugha ya wenyeji, asiambulie neno. Akijifungia na simu yake, watu husema ana aibu tu. Wataalamu wa afya wanaliona jambo hilo kwa uzito zaidi.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 inaonyesha kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, vijana wakiwa miongoni mwa wanaoumia zaidi. Upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka.

Kinachotokea mwilini

Mwaka 2003, Naomi Eisenberger na wenzake nchini Marekani walichunguza ubongo wa watu waliocheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Mchezaji alipoacha kurushiwa mpira, sehemu ya ubongo inayohusika na maumivu ya mwili ilichangamka. Hali ya kutengwa ikidumu, mwili hukaa katika tahadhari: usingizi hukatika, shinikizo la damu huweza kupanda, na akili haitulii darasani.

Jina kwenye orodha halitoshi

Mtafiti wa elimu Alexander Astin alieleza mwaka 1984 kuwa mwanafunzi hunufaika na maisha ya chuo kadiri anavyoyapa muda na nguvu zake. Nafasi zipo: UKWATA ya wanafunzi Wakristo, TAMSYA ya Waislamu, serikali ya wanachuo, bustani, timu zinazojiandaa na michezo ya vyuo vya ualimu, UMISAVUTA.

Chukua kwaya yenye waimbaji watatu tu wa sauti ya nne. Mmoja asipofika mazoezini, wimbo unapwaya, na kabla ya kulala mwenzake atagonga mlango: "Mbona hukuja, unaumwa?" Anayeulizwa hivyo anajua pengo lake linaonekana. Ndivyo ilivyo hata kwa kijana anayesomea ufundi katika chuo cha VETA Ruangwa, mji uliopagawa na soka tangu timu yake ya Namungo ipande Ligi Kuu mwaka 2019. Akikabidhiwa jezi na mipira ya timu, anasubiriwa uwanjani hata kama si mchezaji hodari.

Maneno ya waliotangulia nayo husaidia. Katika utafiti wa Gregory Walton na Geoffrey Cohen uliochapishwa 2011, wanafunzi wapya walisoma simulizi za wakubwa wao kwamba wasiwasi wa mwanzo humpata kila mtu, kisha hupita. Zoezi lilichukua kama saa moja. Miaka mitatu baadaye, wanafunzi Weusi waliolifanya walikuwa na alama bora na afya nzuri zaidi kuliko Weusi wenzao ambao hawakulifanya.

La kufanya

Mgeni achague kundi moja mapema na aombe kazi, hata ya kupanga viti. Wa mwaka wa pili awasimulie wageni jinsi alivyohangaika naye. Wakufunzi wagawe majukumu kwa wapya badala ya kuwarundikia viongozi walewale.

Kundi, hata hivyo, si mbadala wa tiba. Huzuni ikizidi wiki mbili, hamu ya kula ikipotea au mawazo ya kujidhuru yakija, mwanachuo amwone mshauri wa chuo au aende hospitali ya wilaya bila kuchelewa, na rafiki amsindikize.