Kijana afundishwe kupika, muhogo mchungu hauna mzaha

WAZAZI wengi hudhani kumfundisha kijana kupika ni kumpunguzia mama kazi za nyumbani. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, ambako ugali wa muhogo ni chakula cha kawaida, somo hilo ni kinga ya afya.

Mwaka 2001 na 2002 Wilaya ya Mbinga, ambayo wakati huo ilifika hadi ziwani kabla ya kuanzishwa kwa Wilaya ya Nyasa mwaka 2012, ilikumbwa na konzo. Ugonjwa huo hupoozesha miguu yote miwili ghafla na hauna tiba. Waathirika wakubwa ni watoto na wanawake vijana.

Chanzo chake ni kula kwa muda mrefu muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, ambao hubaki na sumu ya sianidi. Njaa inapobana, familia huharakisha kupata unga na kupunguza siku za kuloweka. Hatari huongezeka mlo unapokosa protini, kwani mwili huihitaji ili kuondoa sumu hiyo.

Kwa hiyo, kabla ya kushika mwiko, kijana ajue kumenya muhogo, kuuloweka siku kadhaa hadi ulainike, kuukamua na kuuanika hadi ukauke. Afahamu pia kwamba kusonga ugali motoni hakumalizi sumu iliyobaki kwenye unga.

Ipo njia nyingine rahisi ambayo wataalamu waliifundisha vijijini. Unga hulowanishwa kwa maji, ukatandazwa tabaka jembamba kwenye mkeka kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu ikatoka hewani. Unga huo hupikwa siku hiyo hiyo.

Aidha, kijana azoee kuandaa kitoweo: dagaa wa ziwani, au maharage yanayolimwa katika milima ya Umatengo.

Wavulana nao wasiachwe kando. Anayekwenda dagoni kuvua, au anayepanga chumba karibu na shule, hujipikia bila mkubwa wa kumwelekeza. Unga aliopewa nyumbani hautamweleza ulivyoandaliwa.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa konzo, ambayo haina tiba, kinga huanzia jikoni, na mwalimu wa kwanza ni mzazi.