Ufito wa Mshale

Anayetafuta mti wa mshale asihangaike na miti mikubwa. Msumeno ukipasua gogo hukata nyuzi za mti mahali pengi, na mshale huvunjikia hapohapo. Ufito ulioota wenyewe una nyuzi nzima tangu shinani hadi nchani, kwa hiyo hupindika bila kupasuka.

Pa kuupata ni pale palipojeruhiwa. Kichaka kilichokatwa kuni au kuunguzwa na moto wa nyika msimu uliopita hubaki na mizizi ya kulisha mti mzima, ilhali shina hakuna. Nguvu yote huingia kwenye machipukizi yanayochomoza kisikini. Nayo, kwa kuwania mwanga, hupanda wima bila kutoa matawi. Usichelewe: akiba hiyo ya mizizi ikipungua, ufito huanza kutoa matawi ya pembeni, na kila tawi huacha kifundo.

Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi hutumia mkole, jamii ileile ya vichaka inayowapa matunda madogo matamu. Ukishaona ufito, upitishe vidole kuanzia chini. Unene upungue polepole, na vifundo viwe vichache. Ukiwa na kombo moja pana, uchukue; uliojikunja huku na huku uache. Mhadzabe huupasha joto motoni, akaubana kwa meno, akaukunja kinyume cha kombo. Ukipoa hivyohivyo, hubaki umenyooka.

Kazi hii ni ya kale mno. Mtu aliyekutwa barafuni mwaka 1991, mpakani mwa Italia na Austria, alikufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita akiwa na mishale 14 podoni. Miwili tu ndiyo iliyokuwa tayari. Mingine 12 ilikuwa bado fito za kichaka cha Viburnum, zimemenywa maganda, zikingoja manyoya na vigumba. Podo hilo lanigusa sana: hata yeye alikata fito nyingi kabla ya kumaliza chache.

Nawe kata nyingi, nene kidogo kuliko unavyotaka. Zifunge pamoja na maganda yake, zikauke kivulini kwa majuma kadhaa. Jua kali huzipasua. Zikikauka, zipinde moja moja mkononi. Laini mno huyumba, ngumu mno huenda upande. Weka pamoja zile zenye ugumu sawa, maana upinde mmoja hauwezi kurusha fito za ugumu tofauti zikafika mahali pamoja.