Shotgani ya bei nafuu nyumbani: Mlinzi au mzigo?

TANGU wauaji walipovamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, usiku wa Juni 16, 2023, yapo maswali ambayo hayajaisha katika maduka ya Bwera na vijiwe vya Mahango. Mojawapo ni hili: mtu mwenye duka, mke na watoto, anayeishi karibu na mpaka wa Kongo, je, asiwe na bunduki ndani ya nyumba yake? Na wanaouliza hawasemi bunduki yoyote tu. Wanaitaja shotgani ya bei nafuu, ile inayojikoki yenyewe kila inapofyatuliwa, ambayo picha zake huzunguka kwenye simu za wafanyabiashara.

Mimi si askari, ni mwalimu. Lakini huku mlimani mwalimu ndiye msomaji wa kila karatasi iliyoandikwa Kiingereza, iwe barua ya benki, cheti cha hospitali au kijitabu cha mashine. Ndiyo maana mzee mmoja jirani yangu, mnunuzi wa kahawa mwenye hati halali ya kumiliki silaha, aliponunua bunduki ya aina hiyo aliniita nimsomee maelekezo. Kisha akaniomba nifuatane naye siku ya kuijaribu mbele ya askari aliyekuwa akimfundisha. Niliyoyasoma na kuyaona ndiyo ninayowaletea, ili mwenye kufikiria kutoa fedha zake apime kwanza.

Hofu ina sababu

Tusimcheke mtu anayeogopa. Novemba 13, 1996, waasi wa ADF waliingia nchini kwa kupitia Mpondwe, na vita vilivyofuata viliwafanya maelfu ya watu wa milima hii wahamie kambini. Juni 1998 waasi hao hao waliwachoma wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Kichwamba, wilayani Kabarole. Novemba 2016 damu ilimwagika Kasese mjini, watu zaidi ya 100 wakafa katika mapigano kwenye jumba la Obusinga bwa Rwenzururu. Huko Lhubiriha waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelala mabwenini, karibu kilomita mbili tu kutoka mpakani.

Na si waasi peke yao. Mwaka 2021 watu wa Masaka na Lwengo, mbali kabisa na mpaka huu, waliuawa usiku kwa mapanga majumbani mwao, na wengi wao walikuwa wazee.

Kwetu sisi tuliorejea kutoka uhamishoni, hofu hii ina mzizi mwingine. Mimi nilisoma Kahama, Tanzania, kwa sababu wazazi wangu waliikimbia bunduki mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mtu aliyewahi kuikimbia nyumba yake hapendi kuikimbia mara ya pili. Kwa hiyo anapoonyeshwa chuma na kuambiwa kwamba kitamlinda, yuko tayari kukinunua kabla ya kuuliza kinafanyaje kazi.

Bunduki yenyewe

Shotgani ni bunduki ya marisawa. Badala ya kutoa risasi moja, ganda lake hubeba gololi nyingi zinazotoka kwa pamoja na kutawanyika kadiri zinavyokwenda mbali. Nyingi ni za namba 12. Hicho ni kipimo cha zamani cha Waingereza, chenye maana kwamba gololi 12 za risasi zenye upana wa mtutu huo zina uzito wa ratili moja. Ganda zito la kawaida la kujilindia huwa na gololi tisa, kila moja ikiwa na upana wa zaidi kidogo ya milimita 8. Ganda jepesi la kuwindia ndege hubeba punje ndogo mamia.

Zipo aina kuu tatu. Ya kwanza ni ile ya mitutu miwili ambayo huvunjwa katikati na kutiwa risasi mbili kwa mkono. Ya pili hukokiwa kwa kuvuta mkono nyuma na mbele kila baada ya kufyatua. Ya tatu, ambayo ndiyo mjadala wetu, hujikoki yenyewe. Nyingi za bei nafuu za aina hii hutoka Uturuki, ambako miji ya Huğlu na Beyşehir katika mkoa wa Konya inajulikana kwa karakana zake za bunduki.

Inajikoki vipi? Katika nyingi, sehemu ya gesi ya baruti hupita kwenye matundu madogo ya mtutu, ikasukuma pistoni. Pistoni hurudisha bolti nyuma, ganda tupu likatupwa nje, na springi ikasukuma ganda jipya mahali pake. Hapo ndipo penye sifa yake na pia udhaifu wake. Kwa kuwa inategemea gesi, inachagua risasi. Ganda likiwa jepesi, gesi haitoshi kurudisha bolti mpaka mwisho, na ganda tupu hubanwa mlangoni. Moshi wa baruti nao huacha masizi kwenye pistoni, na usiposafisha mashine huwa nzito.

Kijitabu cha mzee kilimwagiza aanze kwa kufyatua risasi nzito kadhaa ili mashine ilegee, ndipo ajaribu nyepesi. Siku ya majaribio mambo yalikwenda kama yalivyoandikwa. Risasi nzito zilipita bila tatizo. Nyepesi zilikwama, si mara moja. Kila ilipokwama mzee alilazimika kuelekeza mtutu chini, kuvuta bolti kwa nguvu na kulichomoa ganda kwa vidole. Askari alimtazama, akamwambia, "Mzee, sasa ni mchana na hakuna anayekukimbiza." Jibu la mzee lilinifundisha jambo: alinunua risasi nyepesi kwa sababu ndizo alizozipata dukani.

Basi hukumu yangu juu ya mashine yenyewe ni hii. Si takataka. Kwa mtu anayefyatua mara kwa mara, anayesafisha kila baada ya kutumia na mwenye uhakika wa kupata risasi za aina moja, inafaa. Lakini mwenye duka wa Bwera ataiweka mwaka mzima bila kuigusa, katika hewa yenye ukungu wa Rwenzori unaoleta kutu, akiwa na risasi alizobahatika kupata. Kwa mtu huyo ile ya mitutu miwili, ambayo haina pistoni wala bomba la gesi, ni ya kuaminika zaidi. Risasi moja ikigoma, unavuta kifyatulio tena na mtutu wa pili unajibu. Wepesi wa kufyatua mara tano haukusaidii ikiwa mara ya pili imekwama.

Nyumba zetu na majirani

Matangazo ya bunduki hizi huwaza nyumba za mawe na uwanja mpana. Nyumba nyingi za Mahango ni za miti na udongo, na Bwera vyumba vya biashara vinatenganishwa na ukuta mwembamba au mlango wa mbao. Gololi nzito haziishii kwenye ukuta wa udongo. Ukifyatua sebuleni kumwelekea mwizi, nyuma yake kunaweza kuwa na kitanda cha mtoto wako, au cha jirani. Gizani, ukiwa umetoka usingizini, utajuaje kama anayesukuma mlango ni mwizi au kijana wako aliyechelewa kurudi?

Tena tujiulize ni nani tunayemwogopa. Mwizi wa kawaida huja akijua kwamba haupo, na bunduki itakuwa mojawapo ya vitu atakavyoondoka navyo. Waasi huja kundi zima wakiwa na bunduki za kivita, na shotgani moja haiwezi kusimama mbele yao. Hao ni kazi ya jeshi, ambalo tangu Novemba 30, 2021 limekuwa likiwafuata ndani ya Kongo, pamoja na jeshi la nchi hiyo, katika operesheni iitwayo Shujaa. Kazi yetu ni kutoa habari mapema tunapoona nyayo za wageni.

Sheria inasemaje

Sheria ya Silaha ya Uganda ni ya mwaka 1970. Chini yake hakuna raia anayeruhusiwa kuwa na bunduki bila hati, na mamlaka ya kuitoa yako kwa Mkuu wa Polisi nchini. Kuingiza bunduki kutoka nje bila kibali ni kosa. Nasisitiza hili kwa wenzangu wa mpakani, maana wapo wanaonong'onezwa kwamba ng'ambo ya mto Lhubiriha kuna bunduki rahisi. Bunduki ya magendo si mali yako hata kama umeilipia. Ni kesi inayokusubiri, na huwezi kujua imeshaua nani.

Aidha, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 juu ya silaha ndogo, ambayo Uganda ni mwanachama, inazitaka nchi kuwakataza raia kumiliki raifo za kivita, zikiwemo zinazojikoki zenyewe. Shotgani si raifo. Hata hivyo baadhi ya shotgani za bei nafuu zimeundwa zifanane kabisa na bunduki za jeshi, na magazini yake huchomekwa kwa chini. Katika wilaya yenye vizuizi vya askari barabarani, kubeba kitu chenye sura hiyo usiku ni kujitafutia balaa. Pia kumbuka kwamba Juni 2018, baada ya mauaji ya mbunge Ibrahim Abiriga, Rais Museveni aliagiza bunduki zote zichukuliwe alama za utambulisho. Madhumuni ni kwamba risasi iliyofyatuliwa iweze kufuatiliwa hadi kwa mwenye bunduki.

Na ukifyatua? Kanuni ya Adhabu inaacha suala la kujilinda lipimwe kwa misingi ya sheria ya Kiingereza: nguvu iwe ya lazima na ilingane na hatari iliyokuwapo. Mwizi anayekimbia na redio yako mgongoni hakutishii maisha. Ukimpiga, mshtakiwa utakuwa wewe.

Bunduki inapomgeukia mwenyewe

Mei 2, 2023, Waziri wa Nchi Charles Engola aliuawa nyumbani kwake Kyanja, Kampala, na mlinzi wake mwenyewe. Siku kumi baadaye, katikati ya Kampala, askari polisi aliyekuwa amezuiwa kubeba silaha kwa sababu za afya ya akili alimpiga risasi mkopeshaji aliyekuwa akimdai. Bunduki aliyoitumia alikuwa ameichukua kwa askari mwenzake waliyekuwa wakiishi chumba kimoja. Hapa kwetu, Julai 5, 2014, watu wenye mapanga na mikuki walivamia vituo vya polisi katika Kasese na Bundibugyo na kupora silaha. Ikiwa kituo chenye askari kinavamiwa hivyo, sembuse chumba chako chenye kufuli moja? Habari kwamba fulani ana bunduki husafiri upesi kuliko boda boda.

Fedha hiyo ingefanya nini

Bei ya bunduki si bei yote. Ongeza safari za kufuatilia hati, sanduku la chuma la kufungia, risasi za mazoezi na mafunzo yenyewe. Sasa chukua jumla hiyo uitazame upya. Inatosha mlango wa chuma wenye komeo la ndani. Inatosha taa za sola kuzunguka nyumba, na mbwa wawili. Kwa mfanyabiashara, kinga kubwa kuliko zote ni kutolala na fedha. Pesa za simu zimekuwapo Uganda tangu 2009, na wauzaji wanaofunga hesabu ya gulio pamoja wanaweza kwenda kuziweka pamoja, mchana, kabla ya giza.

Halafu kuna majirani. Nilipokuwa mtoto huko Kahama niliwaona sungusungu, ulinzi ulioanzishwa na Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 baada ya wezi wa ng'ombe kuwachosha. Yowe likipigwa, kila nyumba ilitoa mtu, na asiyetoka alitozwa faini. Wizi ulipungua. Ni kweli pia kwamba mahali pengine sungusungu waligeuka mahakimu, wakapiga watu hadi kufa. Kwa hiyo tuchukue lililo jema: filimbi katika kila nyumba, zamu za usiku zinazojulikana kwa mwenyekiti wa LC1 na kituo cha polisi, daftari la wageni linaloandikwa kweli, na mshukiwa akabidhiwe polisi akiwa mzima.

Ikiwa baada ya yote hayo bado unaona ni lazima uwe na bunduki, basi fuata njia ya mzee jirani yangu: hati kwanza, mafunzo pili, bunduki tatu. Chagua iliyo rahisi kuliko iliyo ya kisasa. Ijaribu kwa risasi zile zile utakazoziweka nyumbani. Ifungie mbali na watoto na risasi zake pengine. Na kama kuna mtu ndani ya nyumba anayekunywa sana, mwenye hasira za karibu au aliyekata tamaa ya maisha, usiilete kabisa.

Agosti 1982 wapiganaji wa Rwenzururu waliteremka kutoka milima hii na kukabidhi silaha zao, baada ya miaka 20 ya kuishi nazo. Wazee waliokuwapo bado wanaweza kukusimulia maisha yalivyokuwa kabla na baada ya siku hiyo. Kabla hujalipa arubuni ya shotgani, kaa nao jioni moja uwaulize.